Alama za Vidole Kakuma: Sera za Usalama Zinapogongana

Mwaka 2013, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaunti ya Turkana nchini Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1992, mkimbizi alianza kutakiwa kuweka kidole kwenye kifaa kabla ya kupewa mgao wa chakula, na kidole hicho kikayakutanisha mashirika mawili yenye sera tofauti za usalama wa taarifa, yaani kanuni zinazoamua nani aione taarifa, kwa kazi gani na kwa muda gani. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lenye jukumu la kumlinda mtu aliyekimbia mateso, hupenda taarifa zake zibaki mikononi mwa wachache. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa linalogawa mgao na kuwajibika kwa wafadhili, huhitaji uhakika kwamba mgao umemfikia anayestahili.

Mgongano huo hautatuliwi kwa kuchagua sera kali zaidi na kuwatwika wote, kwa kuwa ukali uliopindukia humnyima chakula mwenye njaa, kama vile ulegevu unavyoweza kumfichua kwa anayemwinda. La busara ni kuuliza mshirika anahitaji nini hasa: kwenye kituo cha mgao jibu la “ndiye” au “siye” linatosha, bila kufunua kisa kilichomfanya mtu akimbie kwao. Mwaka 2018 mashirika hayo yalitia saini nyongeza ya makubaliano yao ya mwaka 2011 kuhusu kushirikishana taarifa. Ilifaa hati ya namna hiyo itangulie vifaa.

Ugumu huongezeka serikali inapoingia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 taarifa zinapovuja na kuhatarisha watu, ilhali mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kinga ya kisheria na hufuata sera zake yenyewe. Hivyo orodha moja, ikitumiwa na shirika la Kikenya au ofisi ya kaunti ya Turkana mjini Lodwar, huweza kuwa chini ya kanuni mbili, na mkataba usiotaja nani ajulishwe kwanza huwaacha watumishi wakibahatisha.

Gharama ya taarifa kusomwa na ofisi nyingi imeonekana zaidi katika kaunti ya Garissa, zilipo kambi za wakimbizi za Dadaab, ambako Wakenya waliojisajili kama wakimbizi wakati wa ukame ili wapate chakula walinyimwa vitambulisho vya taifa, kwa sababu alama za vidole vyao zilikutwa kwenye kumbukumbu za wakimbizi. Suala hilo linaigusa Turkana pia, kwa kuwa Kalobeyei, karibu na Kakuma, imebuniwa kuwahudumia wakimbizi na wenyeji kwa pamoja, na mwenyeji anayetoa kidole huko anastahili kuelezwa mapema ni ofisi zipi zitakisoma.