Mtukutu, au Aliwahi Kupata Degedege?

Mama alitoka Urambo alfajiri, akafika kwangu Tabora mjini na mwanawe wa darasa la tatu, mkononi ameshika daftari. "Daktari, huyu hatulii. Mwalimu kachoka naye, na mimi nimechapa mpaka basi." Nikalifungua daftari. Mistari miwili ya kwanza mwandiko ulikuwa safi kabisa. Wa tatu, herufi zilianza kupanda na kushuka. Wa nne uliishia katikati ya neno. Kila ukurasa hivyo hivyo.

Daftari kama lile husema mengi, ila halitoshi. Upungufu wa umakini na utukutu uliopindukia ni tatizo la ukuaji wa ubongo, wala hakuna kipimo cha damu au picha ya kichwa inayolithibitisha. Tunalitambua kwa kuuliza na kutazama. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013, unaotumika nchi nyingi, unataka mtoto awe na dalili 6 au zaidi kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za utukutu na pupa. Zidumu miezi 6, zianze kabla ya miaka 12, zimkwamishe, na zionekane nyumbani na shuleni pia. Anayesumbua darasani tu, nyumbani ametulia, huenda shida iko darasani. Ndiyo maana namwomba mwalimu aniandikie alichokiona, kwa mifano. Na binti aliyekaa kimya nyuma, mawazo yako mbali, naye namtafuta, maana huyo huitwa mzito tu na kuachwa.

Hapa kwetu malaria ni nyingi, kwa hiyo siachi kuuliza: aliwahi kupata degedege? Mama akajibu, "Ndiyo, akiwa na miaka miwili. Alilala siku mbili hajitambui." Wapo wanaosema degedege ni shetani aliyempitia mtoto. Utafiti uliochapishwa 1996 kutoka Bagamoyo ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakulihusisha na malaria. Degedege la homa la dakika chache kwa kawaida haliachi kovu. Ninalolihofia ni la malaria iliyopanda kichwani. Watafiti wa Kampala waliwafuatilia watoto waliopona malaria hiyo, na mwaka 2008 wakaripoti kwamba miaka miwili baadaye takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa akili, hasa katika umakini. Mtoto huyo hakuchagua utukutu, na fimbo haimtibu.

Kisha masikio. Nilisimama nyuma ya kijana nikanong'ona "embe". Akageuka, akacheka. Mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara huenda asingegeuka, na darasani angeonekana hasikilizi.

Halafu karatasi. Nilimpa kipande cha karatasi akipulize kwa dakika tatu bila kuacha. Kipo kifafa ambacho hakimwangushi mtu: mtoto huzubaa sekunde chache, kope zikicheza, kisha huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kupuliza huko hukiamsha mbele ya macho yako. Lakini usijaribu nyumbani. Kanda hii ina watoto wengi wenye selimundu, na kwao kupumua kwa kasi hivyo ni hatari. Mimi huhakikisha kwanza kwamba mtoto hana. Selimundu yenyewe huweza kuziba mishipa midogo ya ubongo kimyakimya na kuharibu umakini.

Kijana alipuliza hadi mwisho bila kuzubaa. Barua ya mwalimu ilipokuja, ilifanana na maelezo ya mama. Tulianza na kiti cha mbele, kazi fupi fupi, na sifa kila anapomaliza moja. Dawa zipo, ila huandikwa na daktari baada ya uchunguzi, si kununuliwa dukani.

Mzazi, ukimleta mwanao, njoo na daftari lake, kadi ya kliniki na barua ya mwalimu. Fimbo iache nyumbani, na ukirudi usiishike tena.