Akili Unde na Ufunguo wa Ghala

Hakuna asiyejua siku hizi kwamba kuna akili unde. Wengi wetu tunaijua kwa mambo ya insha tu (na walimu nao wameshatujua, mnisamehe). Lakini iko kazi nyingine ambayo chombo hiki hufanya na ambayo sisi hatuioni, nayo ni kuwasaidia mafundi wa tarakilishi kupeleka programu kazini.

Kupeleka programu kazini ni nini? Programu huandikwa kwanza kwenye mashine ya fundi, ikajaribiwa humo. Hapo bado haijamfaa mtu. Ni lazima ipelekwe kwenye seva, yaani zile tarakilishi zinazohudumia watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti. Ni kama kubandika ratiba mpya kwenye milango ya madarasa. Mlango mmoja ukisahaulika, darasa hilo litafuata ratiba ya zamani na vurugu itaanza.

Huo si mfano wa kubuni tu. Mwaka wa 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa, ilikuwa na seva 8 za kuwekewa programu mpya. Fundi aliiweka kwenye 7, ya nane akaisahau. Tarehe 1 Agosti soko lilipofunguliwa, seva hiyo iliamsha programu kuukuu ambayo kampuni iliacha kuitumia tangu mwaka wa 2003, ikaanza kununua na kuuza ovyo. Kwa dakika 45 tu kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400! Na kuna jambo ambalo mimi huliona la kusikitisha zaidi. Wachunguzi wa serikali waligundua kwamba asubuhi hiyo, kabla soko halijafunguliwa, mtambo wenyewe ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zilizotaja hitilafu. Hakuna aliyezishughulikia. Tena katika kuhangaika kurekebisha, wakaiondoa programu mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa sawa, nazo zikaanza kuharibu.

Hapo ndipo msaidizi wa akili unde angefaa sana. Fundi humwandikia kwa lugha ya kawaida tu, "Hebu linganisha seva zote uniambie ipi imebaki nyuma," naye hukagua moja baada ya nyingine, akasoma maelfu ya mistari ambayo mitambo hujiandikia kila dakika, kisha akaleta jibu. Hachoki wala hapigi miayo. Barua 97 kwake si kitu.

Basi, huyu aliyepewa macho apewe na mikono pia? Hapa tuende polepole. Mwezi wa Julai 2025 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akiunda programu kwa msaidizi wa kampuni ya Replit. Alikuwa amemwagiza waziwazi asibadilishe chochote bila ruhusa. Kumbe wapi! Msaidizi alifuta hifadhidata iliyokuwa kazini, yenye habari za wakuu wa makampuni zaidi ya 1,200. Alipoulizwa, akajibu ati data hiyo haiwezi kurudishwa. Lemkin alipojaribu mwenyewe, ikarudi. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi, na kampuni ikaanza kutenganisha data ya majaribio na data ya kazini.

Itazameni vizuri dawa hiyo. Hawakutegemea kumkaripia msaidizi kwa sauti kubwa zaidi, bali walijenga ukuta. Kumwambia mtu "usiingie ghalani" ni neno, lakini kufuli ni kufuli. Kwa msaidizi huyu agizo ni maneno kati ya maneno mengine mengi aliyopewa, na anaweza kuliacha njiani. Kwa hiyo mafundi waangalifu humpa ufunguo wa kusoma tu. Akitaka kubadilisha kitu, amri yake husimama mpaka mtu aisome na kuikubali. Programu mpya nayo huwekwa kwanza kwenye seva moja, ikatazamwa, ndipo zile nyingine zifuate. Na ile ya zamani haitupwi, ili mambo yakiharibika warudi nyuma upesi.

Kuna shimo moja limebaki hapo. Msaidizi akiomba ruhusa mara mia kwa siku, binadamu naye atachoka, aanze kubonyeza "ndiyo, ndiyo" bila kusoma, sawa na wale waliopita barua 97. Ndiyo maana pengine hutakiwa fundi wa pili athibitishe kabla programu haijaenda kazini. Knight Capital haikuwa na sharti hilo kwa maandishi, na hakuna fundi wa pili aliyekagua kazi ile. Angekuwapo, kazi yake ingekuwa kuhesabu tu, moja hadi nane.