Aldabra, Kisiwa Kilichozama Kikaonekana Tena

Watu waliofika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, wamepata kuwaona kobe wakubwa ajabu, wazito kuliko mtu mzima. Wa kwanza waliletwa huko mwaka 1919, nao walikuwa zawadi kutoka Shelisheli. Lakini kwao hasa ni Aldabra, kisiwa cha upweke kilicho kaskazini-magharibi ya Bukini, yaani Madagaska, kiasi cha maili 400 kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki.

Aldabra haina milima wala mito. Ni kama pete ya mawe ya matumbawe, yenye urefu wa maili 21 hivi, iliyozunguka ziwa la maji ya chumvi. Bahari ijaapo, maji huingia kwa nguvu katika milango michache. Ikipwa hutoka tena, na sehemu kubwa ya ziwa hubaki tope na mchanga. Mawe yake ni makali kama visu, na maji matamu ni haba. Kwa sababu hiyo watu wachache tu walipenda kukaa huko, na kobe wakasalimika. Katika visiwa vingine vya bahari hiyo, kama Morisi, mabaharia na walowezi waliwachinja kobe wakubwa mpaka wakaisha kabisa. Hata wa Aldabra walipunguzwa sana, hivi kwamba mwaka 1874 Charles Darwin na wataalamu wenzake walimwandikia Gavana wa Morisi kumsihi awalinde. Siku hizi wanakadiriwa kuwa 100,000.

Ajabu kubwa zaidi ni habari za ndege mmoja wa kisiwa hicho, wa jamii ya kukuziwa, mwenye koo jeupe. Ndege huyu hawezi kuruka, ingawa wazee wake walitoka Bukini kwa mabawa yao wenyewe. Sababu yake si ngumu kufahamu. Mahali pasipo mnyama wa kumwinda, ndege hana haja ya kukimbilia angani, na mabawa yenye nguvu hutaka chakula kingi. Basi kizazi baada ya kizazi mabawa hupungua, na miguu huzidi kuwa imara.

Mwaka 2019 wataalamu wawili wa Uingereza walieleza yale waliyoyaona katika mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Katika tabaka za zamani mlikuwa na mifupa ya ndege wa jamii hiyo hiyo, nao hawakuweza kuruka. Kisha, kadiri ya miaka 136,000 iliyopita, bahari ilipanda ikafunika kisiwa chote, na ndege hao wakafa wote. Maji yaliposhuka, wengine wakaja kutoka Bukini wakiruka. Na ilipofika miaka 100,000 hivi iliyopita, wazao wao nao walikuwa wakipoteza nguvu za kuruka. Kwa hiyo jambo lile lile lilitokea mara mbili katika kisiwa kimoja.

Maarifa hayo yalikaribia kupotea kabla hayajapatikana. Katika miaka ya 1960 Serikali ya Uingereza ilikusudia kujenga huko kiwanja cha ndege za kijeshi. Wataalamu wa Uingereza na wa Marekani walipinga kwa nguvu, na mwaka 1967 chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society kilipeleka watu kuchunguza mawe, mimea na wanyama. Mwezi wa Novemba mwaka huo, thamani ya fedha ya Uingereza iliposhushwa na matumizi kupunguzwa, shauri la kiwanja likaachwa. Mwaka 1971 kituo cha uchunguzi kilifunguliwa kisiwani, na mwaka 1982 Aldabra iliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Sasa inatunzwa na shirika la Shelisheli.

Lakini hatari haikwisha. Dunia inazidi kupata joto na bahari inapanda, na sehemu kubwa ya nchi ya Aldabra haifiki futi 30 juu ya maji. Bukini wangaliko ndege wa jamii hiyo wawezao kuruka, na huenda wangekuja tena siku moja. Lakini kama mawe yanavyoshuhudia, mahali palipoachwa na ndege wa kwanza pakajazwa na mwingine wa namna yake baada ya maelfu ya miaka, wala hakuna mwanadamu awezaye kungoja hivyo.