Seva ya Orodha Inapozimika: Je, Ni Uchache wa Kumbukumbu?

Katika chuo kikuu, benki au wizara yenye maelfu ya watumishi, ipo kompyuta ambayo watu wengi hawaijui ingawa huitegemea kila siku. Hiyo ni seva ya orodha, yaani mashine itunzayo majina ya watumiaji, maneno yao ya siri na haki walizopewa. Seva hiyo ikizimika, barua hazifiki na mtumiaji halali hukataliwa kama mgeni.

Seva nyingi za aina hii hufuata utaratibu uitwao LDAP, uliotangazwa mwaka 1993 na ambao chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Orodha inapokuwa kubwa, hutokea seva ikazimika kwa kukosa kumbukumbu. Wengi hudhani kwamba dawa ni kununua kumbukumbu zaidi. Sivyo daima.

Akiba na kazi yake

Orodha hukaa katika diski, ambayo ni ya polepole mno ikilinganishwa na kumbukumbu. Kwa hiyo seva huweka katika kumbukumbu nakala za taarifa zinazoulizwa mara kwa mara. Nakala hizo tutaziita akiba. Programu ya OpenLDAP, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilitumia kwa miaka mingi hifadhidata ya Berkeley DB. Hapo taarifa ile ile iliweza kukaa mahali patatu kwa wakati mmoja: katika akiba ya seva, ya hifadhidata na ya mfumo endeshi.

Sababu tatu

Kwanza ni kikomo cha anwani. Programu ya biti 32 huweza kutaja anwani 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4. Katika Linux ya biti 32, kwa kawaida gigabaiti 1 hutengwa kwa kiini cha mfumo endeshi, na programu hubakiwa na 3. Tuchukue mfano wa orodha ya watu 1,000,000, kila mmoja akihitaji kilobaiti 4: akiba hiyo pekee yataka gigabaiti 4. Seva itaanguka hata kama mashine ina gigabaiti 16. Hapana budi kupunguza akiba au kuhamia biti 64.

Pili ni akiba iliyopangwa kupita uwezo wa mashine. Kumbukumbu ikiisha kabisa, Linux huchagua programu moja na kuiua. Seva hutoweka bila kuandika neno katika daftari lake. Ushahidi hupatikana katika daftari la mfumo endeshi.

Tatu ni uvujaji: programu huomba kumbukumbu na kusahau kuirudisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Namna ya kupambanua

Mtunzaji asiridhike kuiwasha seva upya tu. Yafaa apime kumbukumbu kila baada ya dakika chache, kisha achore grafu. Mstari ukipanda na kutulia, akiba imejaa kama ilivyopangwa. Ukikatika kila mara karibu na gigabaiti 3, kikomo cha anwani kimefikiwa. Ukiendelea kupanda hata baada ya akiba kujaa, yashukiwe mambo mawili: uvujaji, au kumbukumbu kumegeka vipande vidogo visivyofaa tena.

Ikumbukwe pia kwamba kuzima kwa ghafla huweza kukatiza maandishi katikati. Berkeley DB hurekebishwa kwa kutumia mafaili ya kumbukumbu za mabadiliko. Anayeyafuta ili kupata nafasi katika diski huenda akapoteza orodha nzima.

Mwaka 2011 OpenLDAP ilipata hifadhidata mpya, LMDB, isiyo na akiba yake yenyewe, bali hutegemea ile ya mfumo endeshi. Berkeley DB iliondolewa katika toleo la 2.5 la mwaka 2021. Mipango ya akiba imepungua, lakini kanuni ni ile ile: pima kwanza, ndipo ununue.