Vocha, Lango na Simu ya Mheshimiwa

Mei 1977, George Anyona, mbunge wa Kitutu Mashariki, ambayo leo iko Nyamira, aliibana serikali Bungeni kuhusu zabuni ya reli. Jibu alilopata ni kizuizini, na hakutoka hadi Desemba 1978, Mzee Kenyatta akiwa keshafariki. Maswali ya aina hiyo kwa kawaida huanzia kwa karani fulani aliyeona karatasi ikamkosesha usingizi. Katika sakata la Goldenberg karani huyo tunamjua: David Munyakei wa Benki Kuu, aliyewapa wabunge wa upinzani ushahidi wa malipo yenye shaka. Alikamatwa 1993, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Mashtaka yaliondolewa lakini kazi hakurudishiwa, akafa maskini mwaka 2006.

Mimi nina duka la fotokopi Keroka, mji uliokaa mpakani, kwa hiyo karatasi za Kisii na za Nyamira zote hunipitia. Jioni moja kijana aliniletea vocha ya barabara ya kwao: pesa zimelipwa zote, matope bado yanafika magotini.

"Mama, piga kopi, lakini usisome."

Bila shaka niliisoma. Nikamwambia afunike namba za kitambulisho na akaunti, yaliyobaki ni mali ya mlipa kodi. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inamlinda anayefichua uovu kwa manufaa ya umma. Kwa maandishi, angalau.

Lakini wenzake walipotaka kuipeleka vocha hiyo usiku langoni kwa mheshimiwa, niligoma. Ni kweli wanasiasa wetu wenyewe wamegeuza boma kuwa ofisi: wajumbe hupokelewa huko, chai hunywewa huko, fomu za basari hutolewa huko. Basi wazee na vijana wakifika huko mchana na barua yao, sioni kosa. Ibara ya 37 inaruhusu kuandamana kwa amani bila silaha, na sheria inataka polisi waarifiwe mapema.

Usiku ni mambo mengine. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, kundi la watu liliwachoma akina mama wanne wazee kwa tuhuma za uchawi. Sisi Wagusii hatuhitaji kuelezwa jinsi tuhuma inavyogeuka kiberiti. Na Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, duka kubwa mjini Nyeri lililohusishwa na mbunge wa Kieni liliporwa na kuteketezwa. Waliokuwa wakila mshahara pale hawakuwa wamepiga kura Bungeni.

Mwezi huohuo namba za wabunge zilisambazwa, watu wakahimizwa "kuwasalimia". Hilo halikuniudhi sana, kwa sababu wakati wa kampeni wao ndio hutupigia bila kuombwa. Ila kijana mmoja aliponiomba nimchapishie namba ya binti wa mheshimiwa, anayesoma sekondari, nilizima mashine.