Akechi Mitsuhide: Jenerali aliyempindua bosi wake, akadumu siku 11 tu

Alfajiri ya Juni 21, 1582, jeshi linalokadiriwa kuwa la watu 13,000 lilizingira hekalu la Honnō-ji mjini Kyoto. Ndani alikuwemo Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyekuwa na nguvu kuliko wote Japani, akiwa na walinzi wachache tu.

Waliomzingira hawakuwa maadui zake wa siku zote. Aliyewaongoza ni jenerali wake mwenyewe, Akechi Mitsuhide.

Na huyu hakuwa jenerali wa kubahatisha. Mwaka 1571 Nobunaga alimkabidhi eneo la Sakamoto, kando ya ziwa Biwa, akajenga ngome yake huko. Kisha akatumwa kuliteka jimbo la Tanba, lenye milima mingi. Ilimchukua miaka minne hivi, mpaka 1579, lakini alilimaliza.

Sasa kwa nini amgeuke aliyempandisha cheo? Wanahistoria wanabishana hadi leo. Wapo wanaosema alidhalilishwa, wengine wanasema ni tamaa ya madaraka. Ila nafasi ilikuwa wazi: majenerali wenzake walikuwa mbali vitani, na yeye alikuwa ameagizwa kupeleka jeshi magharibi kumsaidia mwenzake Hideyoshi. Akageuza njia, akaenda Kyoto.

Nobunaga alijiua hekalu likiwaka moto. Mrithi wake, Nobutada, naye akafa siku hiyohiyo. (Yasuke, yule Mwafrika aliyemtumikia Nobunaga, alikamatwa, lakini Mitsuhide akaamuru asiuawe.)

Kumbe kumuua bosi ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Mitsuhide alihitaji watu wa kumuunga mkono, na hawakuja. Hata Hosokawa Fujitaka, rafiki yake ambaye mwanawe alimuoa binti wa Mitsuhide, alinyoa nywele kumuomboleza Nobunaga na kukataa katakata kujiunga naye.

Hideyoshi naye hakulala. Alikuwa ameizingira ngome ya Takamatsu. Aliposikia habari akaificha, akafanya amani ya harakaharaka na ukoo wa Mōri, kisha akalirudisha jeshi lake mbio, karibu kilomita 200.

Walikutana Yamazaki, Julai 2. Mitsuhide akapigwa siku hiyohiyo, akatoroka usiku kuelekea Sakamoto. Simulizi zinasema hakufika: wanakijiji waliokuwa wakiwavizia askari walioshindwa walimuua njiani.

Siku chache baadaye, ngome ya Sakamoto nayo ikaanguka.