Kichaa cha mbwa mkoani Mara: Elimu ya kuhesabu inapookoa roho



Ndugu msomaji, leo tumeona tuelekeze macho yetu mkoani Mara, katika wilaya za Serengeti na Tarime. Huko, kwa miaka mingi, wanafunzi wa shahada za juu wamekuwa wakijishughulisha na elimu ambayo ni nadra kuisikia katika darsa zetu: elimu ya kuhesabu viumbe, kuzaliwa kwao na kufa kwao, na jinsi maradhi yanavyohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kiumbe chenyewe ni mbwa, na maradhi ni kichaa cha mbwa.

Huenda mtu akauliza: sisi na mbwa wapi na wapi? Jibu ni kwamba anayeumwa na mbwa huyo ni mwanadamu, tena mara nyingi ni mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka duniani, na takriban 40 katika kila 100 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa akaanza kuogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona.

Vifo visivyoandikwa

Mwaka 2002 Sarah Cleaveland na wenzake walichapisha hesabu iliyowashtua wengi. Taarifa rasmi za Tanzania zilionyesha wastani wa vifo 11 hivi kwa mwaka vitokanavyo na kichaa cha mbwa. Watafiti hao, kwa kufuata idadi ya watu walioumwa na mbwa, walikadiria vifo vipatavyo 1,500. Tofauti hiyo ni ya watu waliofia majumbani, mbali na hospitali, wakazikwa bila jina la maradhi yao kuingia katika daftari lolote. Kisichoandikwa hakipangiwi bajeti.

Cleaveland alikuwa amekamilisha shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1996, kwa utafiti uliofanyika Serengeti. Katika mwaka huo huo, mwezi Oktoba, ilianza kampeni ya kuchanja mbwa wa vijiji vya wilaya ya Serengeti. Hadi Februari 2001 zilikuwa zimefanyika kampeni nne, zilizofikia kati ya asilimia 61 na 74 ya mbwa. Baada ya kampeni ya kwanza maradhi kwa mbwa yalipungua kwa asilimia 70, na baada ya ya pili kwa asilimia 97. Watu waliohitaji tiba baada ya kuumwa nao wakapungua. Wilaya jirani ya Musoma, ambako kampeni hiyo haikufika, haikuona nafuu kama hiyo.

Kwa nini mbwa 70 katika kila 100?

Katie Hampson na wenzake walizunguka kijiji kwa kijiji, nyumba kwa nyumba, wakiuliza: mbwa huyu aliumwa na nani, naye akamuuma nani? Matokeo waliyoyatoa mwaka 2009 yalionyesha kuwa mbwa mmoja mgonjwa huambukiza kwa wastani kati ya mbwa mmoja na wawili tu. Basi moto huu ni mdogo, na unazimika.

Lakini mbwa wa kijijini haishi miaka mingi. Tuseme kijiji kina mbwa 100, na 70 wamechanjwa. Ikiwa kabla ya mwaka kwisha 25 kati ya hao wamekufa, na nafasi zao zimeshikwa na watoto wa mbwa waliozaliwa baadaye, wenye kinga wamebaki 45. Ndiyo sababu lengo limewekwa asilimia 70, na ndiyo sababu chanjo hurudiwa kila mwaka. Aliyechanja mwaka mmoja akalala mwaka wa pili na wa tatu, amejenga ukuta wa mchanga.

Watu walidhani pia kwamba chimbuko la maradhi ni wanyama wa hifadhini. Tiziana Lembo na wenzake wakabainisha mwaka 2008 kuwa mbwa wa majumbani ndio wanaoyafanya maradhi yaendelee. Mtanzania mwenzetu, marehemu Magai Kaare, aliyekuwa mganga wa mifugo, alichunguza namna bora ya kuwafikishia chanjo mbwa wa wakulima na wafugaji waishio mbali.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2022, uliofuatilia maambukizi wilayani Serengeti kwa miaka mingi kuanzia 2002, ulionyesha kuwa hata pale maradhi yalipopamba moto, mbwa wagonjwa hawakufika 2 katika kila 1,000. Pia mbwa walioambukizwa nje ya wilaya waliingia na kuuwasha moto upya. Hapa ndipo Tarime inapohusika. Wilaya hiyo inapakana na Serengeti upande mmoja na Kenya upande mwingine, na kirusi hakiulizi mpaka. Jirani asipochanja, kazi ya jirani yake hubaki nusu.

Chungu cha udongo

Tatizo kubwa lilikuwa barafu: chanjo huhifadhiwa katika ubaridi, na vijiji vingi havina jokofu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kuwa aina mojawapo ya chanjo ya mbwa hubaki na nguvu yake ikikaa miezi sita katika nyuzi joto 25. Kutokana na hayo Ahmed Lugelo na wenzake wakatumia vyungu vinavyopozwa kwa maji, kama mtungi wa maji ya kunywa wa bibi zetu. Chanjo ikaweza kukaa katani, na wanakijiji waliofunzwa wakamsaidia ofisa mifugo kuitoa mwaka mzima.

Mbwa katika mafundisho yetu

Baadhi yetu husema mbwa ni najisi, basi wauawe wote. Ni kweli kwamba madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, yanamhesabu mbwa kuwa najisi. Lakini najisi huoshwa. Haiondoi haki ya uhai. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim tunasoma habari za mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Pia imeruhusiwa kufuga mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na mbwa wa wafugaji wa Tarime ndio hao hao. Kuwaua ovyo huondoa pia waliokwisha kuchanjwa, na nafasi zao hushikwa na wasio na kinga.

Wala tusijidanganye kwamba penye Waislamu wengi hakuna hatari. Pemba ilifanikiwa kuyatokomeza maradhi haya mwaka 2014, yakarejea 2016, na yakatokomezwa tena Oktoba 2018, baada ya chanjo kurudiwa.

Wajibu wetu

Anayeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo na akamilishe sindano zote. Asingoje dalili, kwani huweza kuchelewa kwa wiki au miezi, na zikifika tiba imepita. Watafiti walikuta kuwa umasikini na umbali ndivyo vilivyowachelewesha wengi. Basi zaka na sadaka zetu zina mahali pa kwenda: nauli na gharama za chanjo kwa mtoto wa jirani, awe Mwislamu au asiwe.

Qur'ani, katika Suratul Maidah aya ya 32, imelinganisha kuokoa nafsi moja na kuwaokoa watu wote. Maimamu na watangaze msikitini siku ya chanjo inapofika, na wenye mbwa wawapeleke.